Mita sitini kutoka ukingo wa Ziwa Tlawi

Hema letu tulilisimamisha hatua 12 kutoka majini. Naikumbuka idadi hiyo kwa sababu baadaye ilibidi tuhesabu. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, mwezi wa saba, upepo umetulia, matete hayatikisiki, na ng'ambo ya ziwa jua lilikuwa linashuka nyuma ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha vunwa. Kila mmoja wetu alishatoa simu kupiga picha. Tulikuwa wanne, wote tuko masomoni, na mwenzetu ambaye kwao ni Dongobesh ndiye aliyetushawishi tuache kwenda kule kunakojulikana, twende Tlawi.

Mzee mmoja akaja na ng'ombe wake, fimbo begani, koti zito limefungwa hadi shingoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mnalala hapo?"

"Ndiyo mzee, tumesharipoti kwa mtendaji."

Akaliangalia hema, akaliangalia ziwa, akacheka kidogo. Akatuambia mambo mawili. La kwanza, pale ndipo ng'ombe wanapopita alfajiri kwenda kunywa, na ng'ombe hawajui kamba za hema. La pili, baridi ya pale tutaijua yenyewe ikifika saa tisa usiku. Basi tukang'oa vigingi, tukabeba kila kitu juu ya kilima, giza likatukuta bado tunatafuta pini.

Niseme ukweli, nilijisikia aibu, na si kwa sababu ya ng'ombe. Mimi ninasomea maji. Nimefanya mitihani kuhusu ukingo wa ziwa na kwa nini usiguswe. Halafu nimefika ziwani kwa mara ya kwanza bila mwalimu, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kuweka hema palepale ambapo vitabu vyangu vinasema pasiguswe. Kwa hiyo makala hii ni ya kuelekeza namna ya kwenda kupiga kambi Tlawi, lakini sehemu kubwa ni kuhusu ule ukanda mwembamba kati ya hema na maji.

Kufika kwenyewe

Tlawi ni kata ya Wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara, na ziwa limepewa jina hilohilo. Kama hujazoea Kiiraqw, herufi hizo "tl" mwanzoni si "t" ikifuatiwa na "l" kama tunavyosoma Kiswahili. Ni sauti moja, ulimi unagusa juu na hewa inachomoka pembeni kwa mlipuko. Tulijaribu njia nzima. Mwenzetu wa Dongobesh alicheka hadi machozi.

Kuna njia mbili za kawaida. Ukitokea Arusha unaweza kupita Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu, halafu unakata kwenda Mbulu. Au unapita Babati, unafuata barabara ya Singida hadi Dareda, kisha unapanda ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Dongobesh na Mbulu mjini. Sisi tulipita Dareda, na ninakushauri upite huko angalau mara moja kwa sababu mlima ule unakufundisha jiografia kuliko darasa. Kosta inapanda kwa gia ndogo, masikio yanaziba, ndani ya muda mfupi mtu aliyekuwa anajipepea anaanza kutafuta sweta. Kutoka Mbulu mjini tulichukua bodaboda.

Kabla ya kufungua hema popote, pita ofisi ya kijiji. Hakuna geti wala mtu wa tiketi anayekungoja, lakini hiyo si sababu ya kujifanya hapana mwenyewe. Ardhi ile ina kijiji, kijiji kina mtendaji, na kitongoji kina mwenyekiti. Ukijitambulisha, usiku watu wakiona tochi kilimani wanajua ni nani.

Baridi inatoka wapi

Nyanda za juu za Mbulu zipo zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa wastani hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kwa urefu huo peke yake unategemea nyuzi 11 hivi pungufu ya pwani. Mwezi wa Julai, usiku, joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10.

Lakini alichokisema mzee kuhusu "baridi ya pale" ni jambo jingine, na alikuwa sahihi kabisa. Usiku usio na mawingu, ardhi inapoteza joto lake kwenda angani. Hewa inayogusa ardhi hiyo inapoa, na hewa iliyopoa ni nzito kuliko hewa yenye joto, hivyo inateremka mlimani taratibu kama maji yanavyoteremka, mpaka inafika mahali pa chini kabisa na kutuama. Mahali pa chini kabisa kwenye bonde la ziwa ni ukingoni mwa ziwa. Ukipanda mteremkoni hata kidogo unaweza kupata tofauti ya nyuzi kadhaa, na unyevu mdogo zaidi. Tuliloongeza usiku ule kwa kubeba mizigo tukilalamika, kumbe tulilipwa.

Alfajiri utaona ukungu umesimama juu ya maji peke yake, mashamba ya pembeni hayana. Watu huuita moshi wa ziwa, na ni kinyume cha moshi kwa kweli. Maji yanahitaji joto jingi sana kupanda nyuzi moja, mara kadhaa kuliko udongo mkavu, na kwa sababu hiyohiyo yanapoa polepole. Saa kumi na mbili asubuhi ziwa bado lina joto la jana, hewa iliyo juu yake ni ya baridi kali, mvuke unaotoka majini unakutana na hewa hiyo na kugeuka matone madogo. Jua likipanda tu, unatoweka mbele ya macho yako. Kama unataka picha, amka mapema.

Jambo moja la baridi silitanii. Usiingize jiko la mkaa ndani ya hema, hata kama limebaki kaa moja jekundu, hata kama umeacha zipu wazi kidogo. Mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, ambayo inang'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu hasikii kubanwa, anasikia usingizi. Leteni mablanketi, vaeni soksi mbili, laleni mmebanana. Mkaa ubaki nje.

Maji ya kunywa, na ya kuogelea

Maji ya Tlawi ni maji baridi, yaani hayana chumvi, na hilo lenyewe ni la kushangaza kidogo ukitazama majirani zake. Mbulu imo ndani ya Bonde la Kati, lile ambalo mito yake haifiki baharini hata siku moja. Manyara upande mmoja na Eyasi upande mwingine ni maziwa ya magadi: maji yanaingia yakiwa na chumvi kidogo sana, jua linayavukiza, chumvi inabaki, na imekuwa ikibaki hivyo kwa maelfu ya miaka. Ziwa likiwa halina pa kutokea kabisa, mwisho wake ni chumvi. Ziwa likiwa na maji matamu maana yake linavuja mahali fulani, juu ya ardhi au chini yake. Ziwa Naivasha la Kenya ndilo mfano tunaoupenda darasani: huoni mto unaotoka, lakini linavuja chini kwa chini, na maji yake ni matamu.

Utamu si usafi, hata hivyo. Ng'ombe wanakunywa humo, watu wanafua humo. Chemsha. Kwa urefu ule maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa sababu mgandamizo wa hewa ni mdogo. Vijidudu vinavyosababisha kuhara vinakufa kabla ya kufika huko, hivyo dakika moja ya kutokota sawasawa inatosha. Wanaoathirika ni maharage. Tulibeba maharage makavu, na kufikia saa nne usiku yalikuwa bado yanapambana. Bebeni mchele, au maharage yaliyochemshwa nyumbani.

Kuogelea ni swali ambalo kila mtu ananiuliza. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye kichocho kwa wingi duniani, na kichocho kinapenda hasa maji baridi yaliyotulia yenye majani pembeni. Mzunguko wake uko hivi: mayai yanatoka kwenye mkojo au choo cha mtu mwenye ugonjwa, yanaanguliwa majini, kiluwiluwi kinaingia ndani ya konokono wa majini, kinaongezeka humo, kisha vinatoka vingine vyenye mkia, kwa wingi zaidi mchana wa jua, ambavyo hupenya ngozi ya mtu bila hata jeraha. Konokono hao wanakaa kwenye majani, yaani palepale ukingoni unapopenda kuchezesha miguu. Mimi sikuingia. Ukiingia, au ukilazimika kuvua kitu kilichoanguka, jifute haraka kwa taulo kavu mpaka ngozi ikauke, na baada ya miezi miwili hivi nenda ukapime. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na inafanya kazi.

Tazama kitu kimoja katika mzunguko huo. Unakatika ukiwa choo hakifiki majini. Basi. Hapo ndipo tunafika kwenye mita zetu.

Kwa nini sitini

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri uhifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa. Hema la usiku mmoja si shughuli ya kudumu, mwanasheria angenitetea. Lakini watu wanne kwa siku tatu wanahitaji choo, wanaosha masufuria, wanapiga mswaki, wanaoga. Hiyo sehemu ya pili ya kifungu inatuhusu.

Sasa mita 60 zinafanya nini? Fikiria mvua imepiga mteremko mtupu. Maji yanateremka yakibeba udongo, na uwezo wake wa kubeba unategemea sana mwendo. Yakikutana na majani mengi, matete, nyasi ndefu, mwendo unapungua na mzigo unaanguka. Mchanga unaanguka kwanza. Udongo mlaini wa mfinyanzi ndio msumbufu. Ukitaka kuona kwa macho, chukua chupa ya maji angavu, jaza maji ya kijito kinachoingia ziwani, itikise, iweke juu ya jiwe. Mchanga utatua chini kabla hujamaliza kufunga kifuniko. Mfinyanzi utaukuta bado unaelea kesho yake. Chembe yenye upana wa sehemu mbili za elfu ya milimita inazama kama sentimita 30 tu kwa siku, hata maji yakiwa yametulia kabisa. Ndiyo maana ukanda wa majani lazima uwe mpana: unahitaji kuyachelewesha maji, na mengine yazame ardhini kabisa, yachujwe na udongo wenyewe. Vijidudu vya choo kadhalika, vinanaswa na kufa njiani.

Na chembe hizo za mfinyanzi hazisafiri peke yake. Fosforasi inazing'ang'ania. Fosforasi ndiyo mbolea ya mwani, na mwani hauhitaji nyingi: gramu moja inaweza kuotesha takriban gramu 500 za mwani mbichi. Mfuko mmoja wa DAP wa kilo 50 una kama kilo 10 za fosforasi. Piga hesabu mwenyewe mfuko mmoja ukimwagika wote ziwani. Sabuni ya unga nayo mara nyingi ina fosforasi, na kuiita ya asili hakuizuii kuwa sabuni. Mwani ukifa, bakteria wanauozesha na kutumia oksijeni ya samaki.

Kwa hiyo utaratibu tuliojiwekea baada ya aibu ile ulikuwa mfupi. Choo ni shimo la kina cha kiganja na nusu, juu ya kambi na si chini yake, kisha linafukiwa, na karatasi tunarudi nazo. Maji ya kuoshea vyombo yanachotwa kwa ndoo, yanapandishwa, yanamwagwa kwenye nyasi mbali. Hakuna anayeosha sufuria ziwani hata kama ni "kusuuza tu." Kuni hatukukata, tulitumia jiko la gesi, na hili nasema kwa sababu jirani na ziwa kila mti unaoshikilia udongo una kazi tayari.

Nilidhani hapo nimemaliza somo. Asubuhi mzee akapita tena, safari hii bila ng'ombe, akatukaribisha kwenye bustani yake.

Bustani

Ilikuwa chini, karibu na matete. Kabichi, na vitunguu saumu ambavyo Mbulu inajulikana navyo. Matuta yamenyooka, udongo mweusi, unachimba kwa kidole. Nikahesabu hatua kimyakimya hadi majini. Hazikufika 60, wala 40.

Nilikuwa na hotuba tayari kichwani. Nashukuru sikuitoa. Mzee alionyesha juu, kule mteremkoni, kwenye shamba lake la mahindi. Alieleza kwamba zamani udongo mzuri ulikuwa kule. Mvua zimekuwa zikiushusha kila mwaka. Sasa umefika huku chini, naye ameufuata.

Sijawahi kusikia mmomonyoko wa udongo ukielezwa vizuri hivyo, na nimekaa darasani miaka mingi. Milimita moja ya udongo ikiondoka kwenye hekta moja ni mita za ujazo 10, karibu tani 13. Milimita moja huioni kwa macho. Mkulima anaiona kwa mavuno, baada ya miaka. Na ziwa linaiona kwa kina chake, kwa sababu kilichotoka juu lazima kitue mahali. Eneo lote ambalo mvua yake inaishia ziwani, ambalo watu wa maji wanaliita kidakio, ndilo ziwa lenyewe kwa maana fulani. Mita 60 ni kizingiti cha mwisho tu. Mteremko ukiwa mtupu, kizingiti hakitoshi.

Halafu kuna tatizo la kuhesabu ambalo hakuna aliyenifundisha. Sitini kutoka wapi? Ziwa linatembea. Mbulu mvua zinaanza Novemba hivi hadi Mei, halafu ni kiangazi kirefu. Ukingo wa ziwa kama huu ni bapa sana kwa sababu ya tope lililojaa. Tuseme ardhi inashuka mita moja kwa kila mita 50 unazotembea. Maji yakipungua kina kwa mita moja tu, ukingo unarudi nyuma mita 50. Shamba lililokuwa ndani ya mita 60 mwezi wa nne, mwezi wa kumi liko nje, hujasogeza hata jembe. Na ardhi iliyoachwa wazi ina unyevu na rutuba wakati kila mahali pengine pamekauka. Ukiwa na watoto wa kulipia shule, utaiangalia tu?

Si kwamba naona sheria imekosea. Naona sheria inamtazama mtu wa chini huku chanzo kikiwa juu. Kinachochekesha, kama neno ni hilo, ni kwamba Wairaqw ni watu ambao ujuzi wao wa kushika udongo umeandikiwa vitabu. Upande wa Kainam, katika eneo linaloitwa Mama Isara, watu wamelima miteremko mikali kwa vizazi vingi wakitumia matuta, mifereji ya kupooza maji na samadi. Mtafiti Lowe Börjeson wa Chuo Kikuu cha Stockholm aliandika tasnifu nzima mwaka 2004 kuhusu historia ya kilimo kile. Utaalamu huo hauhitaji kuletwa na mradi. Upo kilomita chache tu, kwa ndugu zao. Bado namwuliza kila mtu kwa nini mahali pengine unabaki na mahali pengine unapotea, na majibu ninayopata ni ardhi finyu, trekta linalolima kufuata mteremko badala ya kuukata, na vijana walioondoka.

Ziwa linaweza kufa?

Linaweza. Haramaya, mashariki mwa Ethiopia, jirani na mji wa Harar, lilikuwa ziwa la nyanda za juu kama hili, kwenye mita 2,000 hivi. Lilikuwa linanywesha mji. Pampu za kumwagilia mboga na mirungi zikaongezeka mwaka hadi mwaka, tope kutoka miteremkoni likaendelea kulijaza, na katikati ya miaka ya 2000 likakauka. Watu walitembea na mifugo mahali palipokuwa na mitumbwi. Miaka ya karibuni maji yamerudi kiasi, jambo linalonipa moyo, lakini Harar ililazimika kutafuta maji mbali.

Ziwa dogo lenye kina kifupi lina udhaifu ambao ziwa kubwa halina. Tope likijaza, ujazo unapungua lakini uso wa maji unabaki mpana, na jua linavukiza kulingana na uso, si ujazo. Kwa hiyo linakauka haraka kuliko unavyotarajia. Matete nayo yanasogea ndani kadiri chini panapoinuka. Ukisimama kilimani Tlawi utaona ukanda wa matete mahali panapoingia vijito ni mpana kuliko kwingine. Mgeni anaona uzuri. Mimi pia naona uzuri, lakini naona pia mahali udongo ulipotua.

Mambo machache yaliyobaki

Nenda kati ya Juni na Oktoba. Ukienda wakati wa mvua, barabara ni utelezi na suala la mahali pa hema linakuwa la uhai, si la adabu. Usilale kamwe kwenye korongo kavu wala mdomoni mwake, hata kama pana mchanga laini unaokaribisha. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, zaidi ya watu 80 wakafa. Mteremko wa Hanang ni mwingine na mlima ni mwingine, lakini maji yaliyobeba udongo yanafuata njia ileile ambayo maji yalipita zamani. Korongo ni njia. Haijafungwa, imepumzika.

Bebeni pesa taslimu ndogondogo za kununua mayai, viazi na mboga kijijini badala ya kupakia kila kitu kutoka mjini. Bebeni begi la taka na mrudi nalo hadi Mbulu mjini. Mtumbwi usipande bila kumwuliza mwenyewe, na ukipanda vaa boya. Maji ya nyuzi 18 au 20 yanachosha misuli haraka kuliko bwawa la hoteli. Mchana upepo huinuka. Ziwa la saa mbili asubuhi si ziwa la saa tisa.

Siku ya tatu, kabla ya kushuka kuitafuta kosta ya Babati, tulimwomba mzee atuonyeshe mahali maji yanapofika mwaka wa mvua nyingi. Akapanda, akapanda, akapita bustani yake, akapita njia ya ng'ombe, akasimama kwenye mti mmoja wa mgunga na kugonga shina kwa fimbo. Tukahesabu kutoka pale hadi juu, hatua 60 za mtu mrefu. Zilitufikisha juu ya mahali tulipokuwa tumeweka hema la pili. Tulikuwa tumekosea mara mbili.

Mzee akauliza kama mwakani tutarudi. Mwenzetu wa Dongobesh akajibu kwa Kiiraqw, wakacheka wote wawili. Amekataa kututafsiria mpaka leo.